Milo ya kulipia kabla Serengeti: hesabuni usiku, si siku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalogusa mifuko ya watu wa Mwanza kila likizo ya Juni na ya Desemba inapokaribia. Matangazo ya safari za Serengeti huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na mengi yana mstari mmoja wa kuvutia: "Bei ni pamoja na milo yote." Watu huuliza kama kuna nafuu kulipia chakula mapema namna hiyo, au afadhali kila familia ijitegemee. Jibu langu ni kwamba ulipie mapema ile milo ambayo huko uendako hutaipata kwa mtu mwingine, na iliyobaki uile kwa hela yako mkononi. Tatizo ni kwamba waandaaji wengi huiuza yote kwa fungu moja, na mnunuzi hajui anachokinunua.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi hupigwa. Tangazo linasema "siku tatu, milo yote", na mtu kichwani anazidisha tatu kwa tatu anapata milo tisa. Hoteli za mbugani hazihesabu hivyo. Zinahesabu usiku. Ukilala usiku mmoja kwa mpango wa milo yote, unapewa chakula cha jioni cha siku uliyofika, chai ya asubuhi inayofuata, na chakula cha mchana. Siku tatu ni usiku mbili, kwa hiyo hoteli inakupa milo sita. Mitatu iliyobaki ni chai ya asubuhi mnayoondoka Mwanza, chakula cha mchana cha siku hiyo, na chakula cha jioni cha siku ya kurudi. Hii haimo kwenye bei ya hoteli. Mwandaaji ndiye anayeitafuta, na ndiye anayeipangia bei.

Sasa angalieni hiyo mitatu huangukia wapi. Gari likitoka Mwanza saa 10 alfajiri kwa barabara ya Musoma, mnapita Magu na kufika Lamadi asubuhi, kabla ya lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti, ambalo halipungui kilomita 130 kutoka mjini. Lamadi kuna supu, kuna chapati, kuna chai ya maziwa ya moto kweli. Mtu mwenye hela yake mfukoni hana shida hapo. Mchana wa siku hiyo mko ndani ya mbuga na mnakula mlichofunga nyumbani. Jioni ya siku ya tatu mko njiani kurudi au mmeshafika kwenu. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo mitatu unaohitaji kulipiwa mwezi mmoja kabla.

Chukueni mfano, na takwimu hizi ni za kufundishia hesabu tu. Mwandaaji anadai Sh150,000 za chakula kwa mtu mzima kwa siku tatu, na nusu yake kwa mtoto wa chini ya miaka 12. Familia ni baba, mama, kijana wa miaka 12 na mtoto wa miaka sita. Kijana wa miaka 12 tayari analipa kama mtu mzima, kwa hiyo jumla ni Sh525,000. Theluthi ya fedha hizo, Sh175,000, ni ya ile milo mitatu ya pembeni. Mkiinunua wenyewe, tuseme supu na chapati Sh5,000, chakula cha kufunga Sh6,000, na cha jioni Sh8,000, ni Sh19,000 kwa kila anayekula sahani ya mtu mzima, na Sh10,000 kwa mdogo. Jumla Sh67,000. Mmebakiza Sh108,000, na hamjalala njaa.

Ile sita ya ndani ya mbuga ni habari nyingine, na hapo namtetea mwandaaji. Seronera, katikati ya mbuga, haina mama lishe kila kona. Chakula cha hoteli za mbugani kinaletwa kwa gari kutoka mjini, na jikoni wanapika kwa idadi ya waliokwisha kulipiwa. Ukitokea mlangoni saa moja jioni na watu wako watano bila taarifa, utauziwa kwa bei ya kaunta kama kimebaki, na mara nyingi hakibaki. Wala huwezi kusema utatoka ukatafute pengine: malango yanafungwa saa 12 jioni, na gari la wageni haliruhusiwi kuzurura mbugani usiku. Kwa hiyo chakula cha jioni na chai ya asubuhi ndani ya Serengeti lipieni mapema bila kusita, isipokuwa kama mnakwenda kulala kambi za umma mkiwa na jiko lenu na mpishi.

Mtindo huu wa kulipia chakula mapema haukuzaliwa kwetu. Huko Walt Disney World, Florida, Marekani, ambako watu huenda kwa ajili ya bembea na michezo, umefanywa kuwa biashara kamili. Mpango wao wa chakula ulisimama mwaka 2020 na ukarudi Januari 9, 2024. Kwa bei za mwaka huo, ule mdogo uligharimu dola 57.01 kwa mtu mzima kwa usiku na dola 23.83 kwa mtoto wa miaka mitatu hadi tisa. Kwa fedha hizo unapata milo miwili ya kuchukua dirishani, kitafunwa kimoja na kikombe cha kujazia vinywaji hotelini. Zingatieni: kwa usiku, kama hoteli zetu. Mtoto akifikisha miaka 10 ni mtu mzima. Mwaka huo kila aliye chumbani kuanzia miaka mitatu ilikuwa lazima alipiwe, hata asiyependa kula. Bahashishi ya mhudumu haimo. Na mlo usiotumika hadi usiku wa manane wa siku ya kuondoka umekufa, haurudishwi kwa fedha. Wanaofaidika kule ni wale wanaoagiza vya bei kubwa kila mlo na kumaliza haki yao yote. Anayekula saladi na maji anawalipia wenzake. Kipimo hicho hicho kinafaa Serengeti, tofauti ni moja tu kubwa: kule mtu anaweza kwenda dirisha la jirani akanunua kwa fedha taslimu, na hapa ndani ya mbuga hawezi.

Sasa niseme kwa kirefu kuhusu lanchi boksi, maana huo ndio mlo unaoharibu safari nyingi. Kwenye mpango wa milo yote, chakula cha mchana unaweza kukila hotelini au kupewa kwenye boksi ili usilazimike kurudi katikati ya mzunguko. Wengi huchagua boksi. Boksi hilo hufungwa alfajiri, pengine kwa vitu vilivyopikwa tangu saa tatu usiku, mnakabidhiwa saa 12 asubuhi, linakaa nyuma ya gari lenye jua, na linafunguliwa saa nane mchana. Kanuni ya usalama wa chakula ni kwamba kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, na saa moja tu joto likizidi nyuzi 32. Kuku wa kukaanga aliyekaa nyuma ya gari asubuhi nzima hana wa kumtetea.

Kibaya zaidi ni wali, hasa ule wa nazi ambao mama zetu huupenda kwa safari. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake zinastahimili moto wa kuchemsha. Wali ukikaa vuguvugu vinaamka, vinazaana na kuacha sumu, na kuupasha moto tena hakuiondoi sumu hiyo. Mtu anatapika saa chache baadaye, na lawama inakwenda kwa maji ya hoteli. Wali ama uwe moto kweli ndani ya hotpoti, zaidi ya nyuzi 60, ama usiwepo.

Kwa siku ya kwanza, ambayo boksi ni lenu wenyewe, fungeni vitu vikavu: chapati zilizopoa kabisa kabla ya kufunikwa (zikifungwa za moto zinatoa jasho na kuchacha), viazi vitamu, karanga, ndizi, machungwa, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa na yaliyowekwa kwenye barafu. Michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) havina mpinzani hapa, na nashangaa hoteli za ukanda huu hazijavigundua. Samaki wa kukaanga abaki Mwanza.

Barafu msinunue. Gandisheni chupa za maji za lita moja na nusu tangu usiku wa kuamkia safari, mkiacha nafasi ya vidole viwili juu kwa sababu maji yakiganda hutanuka na kupasua chupa. Zilazeni chini ya kisanduku cha kupoozea na chakula kikae juu yake. Zikiyeyuka mnakunywa. Msifunge kwa mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na langoni mtasumbuliwa. Tumieni foili, makopo yenye mfuniko au mifuko mbadala.

Mahali pa kulia napo pana mambo yake. Hairuhusiwi kushuka garini popote unapotaka. Kuna maeneo maalumu ya kupumzikia, na lile la kituo cha wageni Seronera lina meza na vivuli. Lina pimbi pia. Wanyama hao wadogo wananyoosha shingo kwa upole chini ya meza kama waliokaribishwa, na boksi lililoachwa wazi wanalikagua mpaka mwisho. Ukanda wa magharibi mnaopitia una mbung'o, kwa hiyo msifungue chakula ndani ya gari vioo vikiwa chini.

Vinywaji: katika hoteli nyingi havimo kwenye "milo yote". Wakati mwingine hata maji ya mezani hayamo. Ulizeni, kisha bebeni katoni za maji kutoka mjini, angalau lita mbili kwa mtu kwa siku.

Mvua za Machi hadi Mei huvuruga hesabu zote. Udongo mweusi wa ukanda wa magharibi ukilowa unanasa gari hadi ekseli, na mnaweza kufika hotelini jikoni pameshafungwa. Mlo uliopitwa haurudishiwi fedha. Dereva apige simu hotelini mapema, kabla hamjaingia maeneo yasiyo na mtandao, aombe sahani ziwekwe.

Wanaofunga Ramadhani hulipishwa mchana wasioula. Waombe kabla ya kulipa wabadilishiwe kwa daku, na jikoni waambiwe siku moja mbele, kwa kuwa hakuna mpishi anayeamka saa 10 alfajiri kwa kubahatisha. Vivyo hivyo kwa mwenye kisukari au mtoto asiyevumilia karanga.

Kuna kundi moja ambalo fungu zima linalifaa, nalo ni shule. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 hawezi kuwashusha Lamadi kila mmoja akaagiza lake. Watamaliza asubuhi nzima kwenye foleni na kufika langoni jua kali. Shule ilipie yote, ila idadi ya milo iandikwe kwa siku na kwa saa.

Si kila matembezi yanahitaji mpango wa chakula. Hifadhi ya Kisiwa cha Saanane ina ukubwa wa kilomita za mraba 2.18 na iko puani mwa jiji; mnakwenda kwa boti asubuhi, mchana mnarudi, na sato anawasubiri Kirumba. Anayewauzia "milo yote" ya Saanane anawauzia chakula ambacho mngekila kwa nusu ya bei. Rubondo ni kinyume chake. Ni kisiwa cha hifadhi, hakuna kijiji wala soko, kwa hiyo ama mlipie kila mlo ama mwende na kapu kamili la siku zote pamoja na akiba ya siku moja zaidi, kwa sababu ziwa likichafuka boti haliondoki.

Kabla ya kutuma fedha, mwombeni mwandaaji aandike kwenye risiti mambo haya: mlo wa kwanza ni upi na saa ngapi, wa mwisho ni upi, maji yamo au hayamo, umri ambao mtoto analipa kamili, VAT imo au haimo, na nini kinarudishwa mtu akiugua wiki ya safari. Kisha mwulizeni bei ya safari bila ile milo ya pembeni. Asiyeweza kuitoa bei hiyo hajui gharama zake au hataki mzijue. Nao wanaotangaza safari kwenye gazeti lako, Mhariri, ungewaomba waandike idadi ya milo kwa tarakimu badala ya neno "yote".

Mpangaji wa safari,
Nyamanoro, Mwanza