Risala ya Kikundi cha Mafundi na Wabunifu wa Mashine za Mkonge kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi wetu, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, viongozi wa vyama vya ushirika, wakulima wa mkonge mliotoka Korogwe na Muheza, wazee wetu, mabibi na mabwana. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuja. Tumeombwa risala iwe fupi na tutajitahidi, ila kuna mahali tutakuomba utuvumilie, maana si kawaida kikundi kumwalika mgeni rasmi kuona mashine halafu kikaifunika kwa turubai.

Kikundi chetu kina mafundi wa kuchomelea, mafundi mitambo, mkerezaji vyuma na wakulima wadogo wa mkonge. Hatukukutana chuoni. Wengi wetu tulijifunza kazi gereji na kwenye karakana za mashamba, kwa kushika tochi wakati wakubwa wanafungua boliti. Tunatengeneza mageti, matela ya trekta, mashine za kupukuchua mahindi. Hizo ndizo zinazotulisha. Kilichotufanya tukuite leo ni kitu kingine: mashine ndogo ya kuchakata mkonge tuliyoibuni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mkonge uliletwa huku Tanga mwaka 1893 na Mjerumani, Dkt. Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Tangu siku hiyo zao hili lilikatwa kwa kipimo cha shamba kubwa: reli za shambani, manamba kwa mamia, na korona, yaani mtambo mkubwa wa kukwangua majani ili kupata nyuzi, uliomeza majani usiku na mchana. Leo mkulima wa ekari tatu naye analima mkonge, lakini korona haikuzaliwa kwa ajili yake. Anakata majani yake, anatafuta gari, anapeleka kwa mwenye korona, anapanga foleni. Na mkonge uliokatwa haukai. Jani likinyauka juani, singa, yaani nyuzi za mkonge, hung'ang'ania nyama ya jani na hazisafishiki vizuri tena.

Kuna hesabu ambayo tungependa uondoke nayo. Katika kilo 100 za majani mabichi, singa kavu ni kama kilo 4. Zinazobaki ni maji na nyama ya jani. Kwa hiyo mkulima huyu analipia lori kusafirisha maji. Suluhisho linajulikana: mashine ndogo imfuate shambani. Mashine ndogo zipo pia. Huko Brazil, nchi inayoongoza duniani kwa mkonge, wakulima wadogo wametumia kwa miaka mingi mashine ambayo mtu hulisha jani kwa mkono wake mwenyewe, na mashine hiyo imewaacha wengi bila vidole, wengine bila mkono. Ngoma, lile pipa lenye visu linalozunguka na kukwangua jani, inapovuta jani haiulizi mkono umeishia wapi.

Mwenzetu mmoja, ambaye ameomba asitajwe jina hapa, alianza na swali hilo la mkono. Ngoma na visu vya mashine yetu si jambo jipya, na hatudai kuwa ni letu. Jipya liko kwenye sehemu inayolilisha jani na kuligeuza, ili mlishaji asimame mbali na ngoma. Namna inavyofanya hivyo hatutaisema kwenye risala hii, na ndiyo sababu ya turubai.

Mashine hii tunataka kuiombea hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu kuwazuia wengine kutengeneza au kuuza alichobuni bila ruhusa yake. Sheria ya hataza inataka mambo matatu: kitu kiwe kipya, kisiwe jambo ambalo fundi yeyote mzoefu angelifikia bila kuumiza kichwa, na kiweze kutengenezwa na kutumika. Hilo la kwanza ndilo linalowakwaza wabunifu wa mitaani. Upya unapimwa kwa kutazama kilichokwisha kujulikana kwa umma kabla ya tarehe ya maombi. Haijalishi aliyekitangaza ni nani. Mbunifu akiisimamisha mashine yake uwanjani, akaifungua, akaeleza kila nati mbele ya simu za watu, maneno yake mwenyewe yanaweza kutumika kumnyima hataza. Sasa tazama mambo yanavyokwenda kwetu. Kila kiongozi anayetutembelea, kwa nia njema kabisa, anatuambia: pelekeni Nanenane, pelekeni Sabasaba, watu waone. Hatujawahi kusikia kiongozi akituambia: kwanza pelekeni maombi BRELA, kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ndipo mkaoneshe. Tunakuomba wewe uwe wa kwanza, na tutafurahi ukilirudia hata kwenye mikutano isiyotuhusu.

Kwa hiyo leo, baada ya risala, utakaribishwa nyuma ya turubai wewe na wasaidizi wako wachache, na tutakuomba nyote mtie saini karatasi ya kutunza siri. Mkerezaji wetu ameitia. Mwenye karakana aliyetukopesha mashine ya kutobolea vyuma ameitia. Waandishi wa habari tunawaheshimu sana, watapata picha za singa, ni nzuri na nyeupe.

Mheshimiwa, tunaomba tueleze kidogo kazi ya makaratasi, kwa sababu watu wengi wanadhani hataza ni kama cheti cha kushiriki semina. Kwanza tulitafuta kama kuna aliyetutangulia. Hifadhi za hataza za dunia, kama Patentscope ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani, zinafunguka bure kwa simu. Kinachogharimu ni bando na uvumilivu, maana hati nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, na fundi anayeisoma mashine kwa macho anaweza kupotea kabisa kwenye ukurasa unaoieleza mashine hiyohiyo. Hapo tulisaidiwa na mwalimu wa sekondari, na michoro ilitusaidia kuliko mwalimu. Huo usomaji wenyewe ni shule. Kuna mitambo ya mkonge iliyobuniwa zamani, hataza zake zimekwisha muda, na mtu yeyote anaruhusiwa kuitengeneza. Vijana wanaohitaji wazo la biashara wakapekue humo.

Kisha ni hati ya maombi: maelezo, michoro, muhtasari na madai. Uzito wote uko kwenye madai. Hapo ndipo unapochora mpaka wa shamba lako. Ukidai kidogo mno, ukataja chuma cha unene fulani na urefu fulani, jirani atachukua unene mwingine na utabaki kumtazama. Ukidai kupita kiasi, utaambiwa umedai vitu vya watu. Sisi rasimu ya kwanza tuliandika wenyewe, ya pili tukampa mtaalamu aisome, na tofauti yake ilikuwa kubwa kiasi cha kutuaminisha kwamba hapa si mahali pa kubana matumizi.

Tulikuwa pia na mjadala wa ndani, na haukuwa mtamu. Hataza iwe ya nani? Wengine walisema kikundi kimenunua chuma na umeme, basi mali ni ya kikundi. Wengine walisema kichwa kilichowaza ni kimoja. Tumeandika makubaliano: mbunifu anabaki mbunifu kwa jina lake, hataza inabaki kwake, kikundi kinapata leseni ya kutengeneza na kuuza, naye analipwa mrabaha kwa kila mashine. Tumeona vikundi vikivunjika baada ya fedha kuingia, kwa hiyo tuligombana mapema, wakati hakuna cha kugombania.

Maombi yatakwenda BRELA, ambayo inahusika na Tanzania Bara. Zanzibar ina mamlaka yake. Kenya nako wanalima mkonge, Taita na Kilifi, na hataza ya Dar es Salaam haivuki Horohoro. Kwa utaratibu wa Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa wa kulinda ubunifu wa viwandani, tuna miezi 12 tangu ombi la kwanza kuomba kwenye nchi nyingine wanachama kwa kutumia tarehe ileile, au kupitia ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare, ambako ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa za Afrika. Miezi 12 ni michache kwa kikundi kinachouza mageti. Na baada ya kupewa hataza kuna ada ya kila mwaka, usipolipa inakufa.

Wapo wanaotuambia, na baadhi wamekaa hapa, kwamba tunajisumbua. Wanatutajia lile jiko la mkaa lenye bati nje na udongo ndani, lililoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980. Halikufungiwa na mtu, kila fundi wa jua kali alilitengeneza, na likafika majumbani. Hoja hiyo ina nguvu na hatuibezi. Lakini jiko lile lilikuwa na miradi na mashirika nyuma yake yaliyogharamia majaribio na mafunzo. Sisi gharama ya majaribio imetoka kwenye ada za shule za watoto wetu. Karakana yenye mtaji ikiiga mashine hii wiki ya pili, itaiuza kwa bei ambayo sisi hatuiwezi, kwa sababu yenyewe haidai kurudishiwa chochote.

Hata hivyo hatujidanganyi kwamba karatasi inafukuza mwizi. Kule Detroit, Marekani, mhandisi Robert Kearns alibuni waipa za vipindi, zile zinazofuta kioo, zikapumzika, zikafuta tena. Akapata hataza miaka ya 1960. Baadaye akaziona kwenye magari ya watu bila yeye kulipwa. Aliishtaki Ford mwaka 1978, na makubaliano ya malipo ya dola milioni 10 na ushee yalipatikana mwaka 1990. Hiyo ni miaka 12. Hataza ya Tanzania Bara hudumu miaka 10 tangu tarehe ya maombi kabla ya kuombewa nyongeza. Kesi ya namna hiyo ingetumalizia hataza yote, na nyumba zetu pamoja nayo. Kwa hiyo kinga yetu ya kweli tunaitafuta sokoni: tuwe wa kwanza kufika kwa mkulima, tuwe na vipuri, na fundi wetu apatikane siku ngoma ikikwama.

Na sokoni ndiko tuliko nyuma zaidi. Mkulima wa ekari tatu hawezi kununua mashine hii hata tungeiuza bila faida. Hapa tumejifunza kwa Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, aliyebuni chujio la maji linalotumia mchanga na teknolojia ya chembe ndogo sana. Mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na chuo cha kifalme cha wahandisi cha Uingereza. Tuzo inajulikana. Kilichotugusa sisi ni namna alivyofikisha maji kwa watu: alikodisha machujio kwa wajasiriamali, nao wakawauzia majirani maji safi kwa bei nafuu. Mwenye kiu hakulazimika kununua chujio. Nasi tumeamua hivyo hivyo. Mashine itazunguka mashambani juu ya tela, na mkulima atalipa kwa kilo ya singa iliyotoka.

Kwa mpango huo tulikwenda kuomba mkopo. Taasisi moja ilituuliza hati ya nyumba. Tukaonesha michoro. Michoro ikarudishwa, imekunjwa vizuri. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ni ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na tunaiunga mkono. Ila fundi mwanaume wa miaka hamsini na tano aliyewafundisha hao vijana hana mlango wa kuingilia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuombi uchangie matofali. Tunaomba halmashauri ilipie ada za maombi na mtaalamu wa kuandika madai kwa wabunifu wa wilaya hii, angalau wachache kila mwaka, na ifanye hivyo kabla ya msimu wa Nanenane. Tunaomba utusaidie barua na usafiri wa kuipeleka mashine CAMARTEC, kile kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini cha Arusha, ikapimwe kitaalamu, kwa sababu hakuna chama cha ushirika kitakachoamini kipimo tulichojipimia wenyewe. La tatu ndilo kubwa kwetu: vyama vya ushirika vya mkonge vilivyoko hapa vikubali kuikodi mashine kwa msimu mmoja kwa mkataba wa maandishi. Mkataba huo tutaupeleka kwa yule aliyetudai hati ya nyumba. Kuhusu huyu mzee wa miaka hamsini na tano, tunaomba tu wanasheria wa halmashauri watuambie kama kikundi chenye vijana wengi na mzee mmoja mwenye hataza kinaweza kukopa, na kama hakiwezi, waseme hivyo kwa barua ili tujue pa kuelekea.

Mwenyekiti wetu yuko tayari kukuongoza nyuma ya turubai. Karatasi za saini ziko mezani kwa mweka hazina. Chakula ni saa nane.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya wanakikundi