Barua kwa mwanangu: mnara unaosimama peke yake

Mwanangu Neema,

Marahaba. Ramani uliyonitumia nimeiona. Nilimwomba kijana wa jirani anikuzie picha kwenye simu yake mpaka nikaisoma mistari yote. Mama yako hajambo, goti limepoa kidogo, na anauliza kama baridi ya Bukoba umeizoea.

Umeniambia kamati ya ujenzi ya kanisa wanataka mnara wa kengele juu kabisa ya mlango mkubwa, mrefu, uonekane tangu ziwani. Na wewe unasita, lakini huna namna ya kuwakatalia watu wazima walioanza kuchanga fedha ungali shule ya msingi. Nimekaa na jambo hilo siku tatu. Mimi si mhandisi, maisha yangu yameishia melini. Lakini huko Bukoba tetemeko limeshapita, nami nimeona makanisa yaliyojengwa na watu waliotikiswa na ardhi kizazi baada ya kizazi, na tangu ulipopangiwa kazi huko nimekuwa nikiyafikiria.

Mwaka 1997 meli yetu iliingia chelezo Subic, Ufilipino, tukakaa wiki tano. Mwenzangu wa mitamboni alikuwa mtu wa Ilocos, kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Luzon, akanichukua kwao kwa basi la usiku. Asubuhi akanipeleka kwenye kanisa la mji wa Paoay. Nilidhani ananionyesha ngome. Ukuta umesimama kama mtu aliyejiandaa kusukumwa, na ubavuni kumepangwa viegemeo vya mawe vya kuushikilia, vinene kupita urefu wangu nikilala. Baadaye nilisoma kwamba unene wake ni mita 1.67 na jumla yake ni 24. Vingine vimekatwa ngazi, ili watu wapande kutengeneza paa. Ujenzi ulianza 1694 chini ya Padre Antonio Estavillo wa shirika la Mtakatifu Augustino, ukamalizika 1710. Katikati ya kazi, mwaka 1706, likapita tetemeko.

Nikausogelea ukuta nikaweka kiganja. Neema, yalikuwa matumbawe! Matumbawe yale yale ya nyumba za zamani hapa Tanga, yana vitundu vitundu na michirizi kama ubongo, yamekatwa mapande mapande na kushikwa kwa chokaa. Babu yako alikuwa akichoma chokaa, nami nikiwa mdogo nilikuwa napanga magogo ya tanuu. Basi nilisimama pale na harufu ya tanuu ikanirudia puani, maelfu ya maili kutoka nyumbani. Mwenzangu aliniambia wazee wao husimulia kwamba chokaa ile ilikorogwa na maji ya miwa, ikatiwa majani ya mwembe na mabua ya mpunga yaliyochemshwa.

Halafu nikauliza mnara uko wapi, maana sikuuona. Akanionyesha kando. Mnara wa kengele wa Paoay umesimama peke yake, mbali na kanisa, ghorofa tatu za matumbawe, katikati yao uwanja mtupu. Nikasema labda waliishiwa mawe ya kuunganisha. Akatikisa kichwa: "Umewekwa pale ili ukianguka, uanguke peke yake."

Neno hilo nimekaa nalo miaka yote hii. Waliojenga pale hawakujidanganya kwamba mnara wao hautaanguka. Walikubali kwamba siku yake ipo, wakachagua mapema utamwangukia nani, wakachagua asiwe mtu.

Hawakuzaliwa na akili hiyo, na waliilipia. Wahispania, waliokuwa wakiitawala Ufilipino, walipoanza mji wa Manila, nyumba na makanisa yalikuwa ya mianzi na makuti ya mnipa. Mwaka 1583 gavana Gonzalo Ronquillo de Peñalosa akafariki, na kwenye ibada ya maziko mshumaa ukashika kanisa, moto ukala karibu mji mzima. Ndipo ikaamuliwa kujenga kwa mawe. Walikuwa wanaukimbia moto, wakajipeleka kwenye tetemeko. Nyumba ya mianzi ikitikiswa hulia na kupinda, na asubuhi mnaamka. Ile ya mawe hufunika. Usiku wa 30 Novemba 1645 ardhi ilitikisika, majengo ya mawe ya Manila yakalala chini, pamoja na Kanisa Kuu. Likajengwa. Tarehe 3 Juni 1863, kesho yake ikiwa sikukuu ya Ekaristi, tetemeko likalikuta lina watu ndani wakisali masifu ya jioni. Padre Pedro Peláez, mmoja wa mapadre wazalendo waliokuwa wakipigania haki za mapadre wazawa, alifia humo chini ya kifusi.

Palepale ndani ya kuta za mji mkongwe kuna kanisa la San Agustin, lililomalizika 1607. Hilo lilivuka 1645, likavuka 1863. Lilikuwa na minara miwili mbele. Tetemeko la 1880 likaupasua wa kushoto, wakaushusha, hawakuurudisha. Nililiona kwa macho yangu: uso wa kanisa una mnara upande mmoja tu, kama mtu mwenye sikio moja. Kanisa zima limesimama, kilichoponzeka ni kile kilichochomoza juu.

Kwa nini mnara? Wewe utaniambia kwa hesabu, mimi nitakwambia kwa mashua. Funga mashua ndogo ubavuni mwa jahazi kubwa, usiweke tairi katikati, kisha ngoja wimbi. Kila moja inainuka kwa mwendo wake. Ndogo inapanda wakati kubwa inashuka, na zinagongana mpaka mbao zinapasuka. Mnara mrefu mwembamba na kanisa pana fupi ni hivyohivyo: ardhi inawapa wimbi moja, lakini hawachezi ngoma moja. Palipounganishwa ndipo panapotatuka. Wale mafundi wa Ilocos hawakuwa na hesabu zako. Walikuwa na vifusi vya kusoma.

Na usidhani mbali maana yake ni salama moja kwa moja. Tarehe 27 Julai 2022 tetemeko la ukubwa wa 7.0 liliipiga kaskazini ya Luzon. Huenda uliiona ile video ya mnara wa Bantay, karibu na Vigan, matofali yakimwagika huku watu wakikimbia. Mnara ule nao umesimama kilimani, mbali na kanisa lake. Uliumia sana, lakini mawe yake yaliangukia ardhi yake mwenyewe. Nilivyoiona nilimpigia kelele mama yako aje aone. Hakuelewa kwa nini nashangilia jengo linalobomoka.

Wala viegemeo si dawa ya kila kitu. Tarehe 15 Oktoba 2013 kisiwa cha Bohol kilipigwa na tetemeko la 7.2. Kanisa la Loon, moja ya makubwa kisiwani, likageuka chungu ya mawe. La Maribojoc vilevile. Picha zake zilinifunza kitu ambacho nataka ukitazame kwa makini. Kuta nyingi za makanisa yale zilikuwa na ngozi mbili: mawe yaliyochongwa vizuri nje, mawe yaliyochongwa vizuri ndani, na katikati kifusi na chokaa. Ukiutazama unaona ukuta wa mita nzima. Ukitikiswa, ngozi zinaachana, kifusi kinashuka kama mchele kwenye gunia lililochanika, na ukuta unajipasua kwa uzito wake mwenyewe. Kwa hiyo mtu akikwambia "ukuta huu ni mnene, hauna neno," muulize ndani yake kuna nini, na nini kinaushika upande huu na ule.

Wengine walikwenda njia nyingine kabisa, wakapunguza uzito. Lima sijafika, hili nimelisoma tu. Huko Peru, Wahispania walijenga kuba za mawe na matofali, matetemeko yakazishusha, la 1687, kisha lile kubwa la 28 Oktoba 1746. Mafundi wakarudi kwenye ujuzi wa wenyeji: mbavu za mbao, matete yaliyofumwa, udongo wa kukandika, juu lipu nyeupe. Wanaita quincha. Ingia kanisa la San Francisco au Kanisa Kuu la Lima, ukiangalia juu utaapa ni kuba za mawe. Kumbe ni nyumba ya bibi yako kule Pangani! Fito na udongo, iliyogeuzwa kuba na kuinuliwa juu ya vichwa vya maaskofu. Inapotikiswa inanyumbuka, na ikiachia kipande, unapata vumbi la lipu, hupati jabali. Tulivyokuwa tunaionea haya ile nyumba ya bibi, mwanangu, tulikosea.

Na Manila wako walioamua kuachana na mawe kabisa. Kanisa la San Sebastian lilikuwa limebomolewa na matetemeko zaidi ya mara moja, basi mhandisi Genaro Palacios akalichora la chuma tupu, vipande vikatengenezwa Ubelgiji, vikaletwa kwa meli, likawekwa wakfu 1891. Ndani limepakwa rangi lifanane na marumaru. Tetemeko halijaliangusha. Lakini mimi ni mtu wa meli, niliingia mle na jambo la kwanza kuona ni michirizi ya kahawia chini ya nguzo. Nguzo zile ni tupu ndani, maji ya mvua yanaingia na kukaa. Miaka mingi nimegonga kutu kwa nyundo, nikapaka rangi, nikaanza upya mwanzo wa meli nilipomaliza mwisho. Lile kanisa linahitaji watu kama sisi kila siku ya Mungu. Hilo nalo waambie kamati: jengo lolote mtakalojenga, nani atalitunza, na fungu lake liko wapi?

Jambo moja siwezi kulipita. Mawe yale hayakujipandisha. Chini ya Wahispania, wanaume wa Kifilipino wa miaka 16 mpaka 60 walidaiwa siku 40 za kazi ya lazima kila mwaka, na sehemu ya jasho hilo liliingia kwenye makanisa. Tetemeko likiangusha, waliorudi kubeba ni walewale. Mwenzangu hakuniambia hayo kwa hasira. Aliweka tu kiganja chake ukutani kando ya changu, akasema babu zake wamo humo.

Watu wako wa Bukoba wao wanachanga kwa hiari, kahawa na ndizi, na kwa hiyo nataka uwe mwangalifu zaidi. Ninyi mna nondo na zege, mna namna ambazo Padre Estavillo hakuziota. Sisemi msijenge mnara. Sogezeni pembeni, kwenye ule mteremko uliouchora wa maegesho, na urefu uupunguze.

Ukikutana nao Jumapili, usianze na hesabu. Waulize kila mmoja, wazee kwa vijana: ile Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lilipopiga, ulikuwa wapi, na ulikimbilia wapi? Waache waseme wote. Kisha watandazie ramani mezani, uwaombe waweke kidole mahali watu watakapotokea wakikimbia kutoka ibadani. Watauweka kwenye mlango mkubwa, chini ya mnara.

Nitumie ramani mpya ukishaichora. Mama yako anakusalimu, na ametuma dagaa kwa basi la Alhamisi.

Baba yako