Kwa vijana wetu mlioanza kazi: sadaka haina mdai

Wanangu,

Nawasalimu nyote mlioajiriwa miaka hii ya karibuni: walimu, wauguzi, maofisa wa halmashauri, na ninyi mlio benki na viwandani. Mimi ni mstaafu. Nilikuwa afisa utumishi, kazi iliyoniweka mbele ya hati za mishahara ya watu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Wengi wenu mnanipigia simu, na simu hizo zinafanana. Kuna mchango kazini kwa ajili ya yatima, au wagonjwa, au waliopatwa na maafa. Kiwango kimeshapangwa, jina limeshaandikwa, na mfukoni hakuna kitu. Mnaniuliza mfanye nini. Nimeona niwajibu wote kwa pamoja.

Sisemi msitoe. Toeni. Tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kufunika Katesh Desemba 2023, misaada ilitoka kila kona ya nchi, na sehemu kubwa ya moyo huo huanzia kazini, mtu anapomgeukia mwenzake wa meza ya pili na kumuuliza tutafanyaje. Sitaki kizazi chenu kiupoteze moyo huo. Lakini mnachonieleza kwenye simu ni kitu kingine.

Mnanieleza kundi la WhatsApp la idara ambalo kila asubuhi mweka hazina anabandika orodha upya. Namba 1, mkuu wa idara, 100,000, na alama ya vema. Namba 2, 50,000, vema. Inateremka hivyo mpaka namba 17, jina lako, na mbele yake pako wazi. Kesho inarudi, walio wazi wamebaki wanne. Keshokutwa wamebaki wawili, na chini yake kuna ujumbe wa sauti: "Jamani, tusiwaangushe watoto, kutoa ni moyo si utajiri." Methali hiyo waliiacha wazee ili kumtia nguvu mwenye kidogo, asione haya kutoa kidogo chake. Inaniuma kuisikia ikitumika kumfedhehesha asiyenacho.

Nawajua pia kwa hati zenu za mshahara. Kijana mwenye shahada aliyesoma kwa mkopo akianza utumishi wa umma, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, mfuko wa hifadhi ya jamii asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, na chama cha wafanyakazi, kwa wengi, asilimia 2. Hapo kodi bado. Akishachukua na mkopo wa benki anafika kwenye theluthi moja, mahali ambapo taratibu zetu zinakataza mshahara kushuka zaidi. Theluthi hiyo ndiyo kodi ya chumba, nauli, na dawa za mama kijijini. Anayepanga kiwango sawa kwa watu wote haoni hayo yote.

Katika ofisi moja niliyofanyia kazi, karatasi ya mchango ilibandikwa mlangoni mwa masjala, shilingi 20,000 kila mtu, kwa kituo cha watoto. Mhudumu wetu, mama mwenye watoto wanne, alikuwa wa kwanza kusaini. Hakutaka aonekane mdogo mbele ya watu anaowapikia chai. Baadaye nilijua alizikopa kwa watu wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, na miezi kadhaa ilipita akiwa bado anarejesha. Picha ya kukabidhi msaada ilipigwa, bango likasomeka vizuri, na yeye hakuwemo, kwa kuwa alibaki kulinda ofisi. Mpaka leo nikiona bango la kukabidhi msaada huwa namtafuta yeye.

Kwa hiyo sikilizeni. Deni lina mdai, kodi ina mdai, ada ya mtoto ina mdai. Sadaka haina. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa lazima, na Kurani inasema kauli njema ni bora kuliko sadaka inayofuatiwa na maudhi. Kanisani na msikitini hatubishani juu ya hili. Ajabu ni kwamba tukivuka mlango wa ofisi tunalisahau.

Sasa, la kufanya. Mshahara ukiingia, kabla hujaulizwa na mtu yeyote, tenga fungu la kutoa, hata likiwa 5,000. Ukiwa nalo hutaamua kwa hofu, maana uamuzi ulishaufanya ukiwa peke yako na akili imetulia. Mchango wa kwanza wenye maana kwako ukija, unatoa humo. Fungu likiisha, limekwisha mpaka mwezi ujao.

Na siku ambayo hutatoa, sema mapema, sema kwa mweka hazina peke yake, na sema kwa ufupi: "Asante kwa kunishirikisha, dada. Safari hii sitachangia." Ishia hapo. Msianze kueleza habari za kodi ya nyumba na mdogo wako wa chuo, kwa sababu kila sababu mtakayotoa itapata jibu, na jibu lenyewe mnalijua: "Hata elfu tano?" Msimsingizie mtu ugonjwa. Wala msiseme "niandike, nitatoa mwisho wa mwezi" ili tu simu ikatwe. Hapo ndipo wengi mnaponasa, maana ahadi ni deni, na sasa yule mweka hazina ana haki ya kukufuata.

Anayetoa ana haki ya kuuliza, tena bila aibu. Fedha zinakwenda wapi, nani anazishika, na stakabadhi tutaziona lini? Mnalikumbuka tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016. Watu walichanga kwa huruma kubwa, na mwezi huohuo Rais Magufuli akatengua uteuzi wa katibu tawala wa mkoa na mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba, kwa tuhuma kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina lilelile la akaunti ya maafa. Kama swali hilo liliulizwa huko juu, linaulizika na kwenye idara yenu. Ulizeni pia mgawanyo. Kila Machi 8 akina mama wa maofisi tunakwenda wodi ya wazazi na sabuni, nepi na khanga. Ni jambo jema na nimelifanya kwa furaha. Lakini ipo michango ambayo ukiipigia hesabu, vitenge vya sare, fulana, soda na usafiri vinakula zaidi ya kinachomfikia mzazi aliyelala kitandani. Ukigundua hivyo, mwambie mwenyekiti wa kamati kwa adabu: mwaka huu tuvae tulizonazo.

Linalowatisha zaidi ni pale anayechangisha anapokuwa bosi mwenyewe, yule anayekupima kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, anayesaini likizo yako na kupanga nani aende safari. Hofu hiyo naielewa na sitawaambia muwe mashujaa peke yenu. Ukiona busara utoe kidogo ili kazi iende, toa, hakuna dhambi. Ila msisaini karatasi ya kukatwa kwenye mshahara kwa ajili ya hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inamzuia mwajiri kukata mshahara nje ya yale yanayoruhusiwa na sheria, makubaliano ya pamoja, amri ya bodi ya mishahara, mahakama au tuzo ya usuluhishi, au deni ambalo mfanyakazi mwenyewe amelikubali kwa maandishi. Mchango wa hisani si deni. Ukikuta umekatwa bila kusaini, nenda kwa afisa utumishi na nakala ya hati yako ya mshahara. Ukikwama hapo, nenda kwa mwakilishi wa chama chenu, TALGWU, TUGHE, CWT, TUICO, chochote kile, na mwachie yeye alisemee kwa niaba ya wote. Kwa hilo asilimia 2 yenu inafaa kufanya kazi.

Majirani zetu wa Kenya waliliona tatizo hili zamani. Sheria yao ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ilimkataza mtumishi kugeuza ofisi kuwa mahali pa kuchangishia harambee, wala kutumia cheo kumbana mtu atoe. Na Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto alitangaza kuwazuia viongozi na watumishi wa serikali kushiriki harambee. Harambee ni utamaduni waliokua nao tangu uhuru, lakini walifika mahali wakaona cheo na kapu la sadaka havikai pamoja.

Kuna jambo moja nawaomba mlifanye pamoja. Wawili au watatu wenu, pamoja na mtu mzima mmoja anayeheshimika ofisini, mwendeeni mwenyekiti wa kamati kabla ya mchango ujao. Pendekezeni orodha isiwe na viwango, na mchango upokelewe kwenye bahasha iliyofungwa au namba ya simu anayoiona mweka hazina tu. Kundini kitangazwe kiasi chote kilichopatikana, na stakabadhi zake. Mkiambiwa watu hawatatoa bila kuonekana, ombeni jaribio la mchango mmoja tu.

Asiye na fedha mwezi huo na asidharauliwe. Yupo atakayechangia damu, yupo atakayebeba magunia Jumamosi, yupo atakayekaa na wale watoto akawafundisha hesabu. Na ninyi mliotoa, msiulize nani hakutoa.

Wakuu wa idara, wengi wenu niliwapokea mkiwa na barua mpya za ajira mkononi, kwa hiyo nina ruhusa ya kuwaambia. Ukitaka kutoa laki moja, mpe mweka hazina kimyakimya. Jina lako likitangulia na tarakimu hiyo, huyo namba 17 hana tena nafasi ya kuchagua. Iondoeni ile karatasi mlangoni wiki hii.

Ni mimi mama yenu,
mstaafu, Morogoro.