Uumbaji una nafasi shuleni, lakini si katika kipindi cha sayansi

Mhariri,

Wanaotaka uumbaji ufundishwe sambamba na mageuko (maelezo kwamba viumbe hubadilika polepole, kizazi hadi kizazi, kutoka asili ya pamoja) katika somo la sayansi la shule za umma huanza na hoja ya haki: wanafunzi wapewe pande zote mbili, waamue wenyewe. Wengi wanaoitoa wana nia njema. Ugumu wake huonekana pale mwalimu anapoketi kuandaa somo. Kipindi cha sayansi kinataka kitu cha kupima, matokeo ya kuandika daftarini, na jibu la swali hili: tungeona nini iwapo maelezo haya si sahihi? Mageuko yanalo jibu. Uumbaji hauna, kwa kuwa uwezo wa Mungu haufungwi na matokeo ya aina yoyote, na muumini makini ndiye wa kwanza kulikubali hilo.

Chukua uteuzi asilia, yaani hali ya viumbe wanaofaa zaidi mazingira yao kusalia na kuzaana kuliko wengine. Unafundishika kwa mikono, bila maabara. Tandika mezani kitambaa cha kahawia chenye nakshi. Kata vipande 40 vya karatasi, kila kimoja sentimita 1 kwa 1, 20 vya kahawia na 20 vya manjano, uvitawanye juu yake. Wanafunzi wanne wasimame wakiwa wameipa meza mgongo. Mmoja mmoja anageuka, anachukua kipande cha kwanza anachokiona, anarudi alivyokuwa. Vikibaki 20, hesabu kila rangi, kisha ongeza kwa kila kilichosalia kipande kimoja cha rangi yake ili idadi irudi 40. Rudieni hadi kizazi cha nne na kuchora grafu. Baada ya hapo tandika kitambaa cha manjano, muanze upya, na kwa kawaida rangi iliyokuwa ikishindwa ndiyo itakayotawala.

Zoezi hili huharibika kwa sababu chache zinazojulikana. Vipande vikitofautiana ukubwa, wanafunzi huokota vikubwa na rangi haina kazi tena. Wakiruhusiwa kupapasa kitambaa, hawategemei macho. Ukianza na vipande 10 badala ya 40, bahati inaweza kuushinda uteuzi, na rangi inayojificha vizuri ikatoweka kabisa. Usiyafute matokeo hayo, kwa kuwa ndivyo inavyotokea katika makundi madogo ya viumbe, na hilo nalo ni somo. Kosa kubwa zaidi huja mwishoni, mwanafunzi anapoandika kwamba vipande “vilibadilika rangi ili vipone.” Hakuna kipande kilichobadilika. Kilichobadilika ni uwiano wa rangi katika kundi zima. Asiyelielewa hili hataelewa pia kwa nini mgonjwa anayekatiza dozi ya dawa anaweza kuacha mwilini wale bakteria walioivumilia, wakazaliana.

Ukitaka mfano wa porini, upo. Katika kisiwa kidogo cha Daphne Major, kwenye visiwa vya Galápagos katika Bahari ya Pasifiki, wanabaiolojia Peter na Rosemary Grant waliwapima ndege kwa miongo kadhaa. Ukame wa 1977 ulimaliza mbegu ndogo laini, zikabaki kubwa na ngumu. Ndege wengi walikufa, waliosalia walikuwa hasa wenye midomo minene, na watoto wao wakarithi midomo hiyo. Baada ya mvua kubwa za 1983 mbegu ndogo zikajaa, na mwelekeo ukageuka. Walimu wengi huishia kwenye ukame. Ni vibaya kuiacha sehemu ya pili, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kwamba uteuzi hauna safari iliyopangwa kuelekea kiumbe “bora.”

Ubashiri ndio mtihani mgumu zaidi wa maelezo yoyote ya kisayansi. Wataalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, walijua kwamba miamba ya miaka milioni 385 hivi iliyopita ina samaki wenye mapezi ya nyama, na ile ya miaka milioni 365 hivi ina wanyama wenye miguu minne. Kama wa pili walitokana na wa kwanza, basi kiumbe cha katikati kitafutwe kwenye mashapo ya mito ya umri wa kati. Neil Shubin na wenzake walichagua miamba ya aina hiyo katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini ya mbali ya Kanada, na mwaka 2004 wakampata Tiktaalik, wa miaka milioni 375 hivi: ana magamba na mapezi ya samaki, lakini pia shingo, kichwa bapa na mifupa ya kiwiko na kifundo ndani ya pezi. Wangeweza kukosa. Hatari hiyo ya kukosa ndiyo inayoupa ugunduzi wao uzito.

Binadamu naye hakuachwa kando. Sokwe ana kromosomu 48 (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli), sisi 46. Kama tuna asili moja, lazima jozi moja iliungana na nyingine. Ubashiri huo umethibitika: kromosomu yetu namba 2 ina katikati yake mabaki ya alama ambazo kwa kawaida hukaa kwenye ncha, pamoja na mabaki ya sentromea ya pili, sehemu ya kubana ambayo kwa kawaida kila kromosomu huwa nayo moja tu.

Pale uumbaji unapotoa madai yanayopimika, yamepimwa. Dai kwamba dunia ina miaka 6,000 hadi 10,000 linagongana na umri wa miaka bilioni 4.5 unaopatikana kwa kupima madini ya mionzi, na hata na barafu iliyochimbwa Antaktika, iliyohifadhi kumbukumbu ya miaka 800,000. Mwalimu naye awe mwangalifu: kaboni-14, kipimo cha umri wa mabaki ya viumbe, haipimi umri wa dinosaria. Kikomo chake ni kama miaka 50,000, na anayekosea hapo humpa mpinzani ushindi wa bure.

Marekani imelipitia suala hili mahakamani mara nyingi. Mwaka 1982 sheria ya jimbo la Arkansas ya kuugawia uumbaji na mageuko muda sawa ilibatilishwa, na miongoni mwa walioipinga mahakamani walikuwa maaskofu wa Kikatoliki na wa Kimethodisti. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ilifuta sheria ya jimbo la Louisiana ya namna hiyo kwa kura 7 dhidi ya 2. Dover, Pennsylvania, bodi ya shule ilitaka wanafunzi wasomewe tamko kuhusu “msanifu mwenye akili,” yaani wazo kwamba viumbe vilisanifiwa na mwenye akili fulani. Wazazi 11 walishtaki, wakashinda Desemba 2005, na wilaya ikalipa dola milioni 1 za gharama za mawakili. Ushahidi ulionyesha kwamba katika rasimu za kitabu kilichopendekezwa, maneno ya uumbaji yalibadilishwa kuwa ya usanifu baada ya hukumu ya 1987, huku maelezo yakibaki yale yale. Fedha hizo zingenunua darubini nyingi.

Hayo hayampi mwalimu ruhusa ya kuishambulia dini. Anayewaambia wanafunzi kwamba sayansi imethibitisha hakuna Mungu ametoka nje ya somo kwa kiasi kile kile cha anayeleta kitabu cha Mwanzo cha Biblia maabara. Papa Yohane Paulo II alisema mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu, na Francis Collins, aliyeongoza mradi wa jenomu ya binadamu (kusoma jeni zote za binadamu), ni Mkristo asiyeificha imani yake. Simulizi za uumbaji zisomwe katika elimu ya dini, fasihi na historia, na zipewe muda wa kutosha huko. Kama wanafunzi wanataka mabishano ndani ya baiolojia, yapo ya kweli: bahati ina mchango gani ukilinganishwa na uteuzi, na bakteria wanaopeana jeni bila kuzaana wachorwe vipi kwenye mti wa ukoo.

Mitihani nayo irekebishwe. Swali lisiwe “Je, unakubali kwamba binadamu na sokwe wana asili moja?” Liwe “Taja aina tatu za ushahidi ambazo wanasayansi wanazitumia kueleza asili ya pamoja ya binadamu na sokwe, na ufafanue moja.” Mwanafunzi anayeamini uumbaji atapata alama zote za swali la pili bila kuulizwa imani yake, na msahihishaji atapima kile tu kilichofundishwa.

Mwalimu wa Baiolojia