Watoto wanakariri mazingira bila kuyagusa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wastaafu wenzangu, wazazi na walimu wakuu wa shule za msingi kuhusu jambo lililonikaa moyoni tangu nilipoanza kujitolea katika shule moja ya serikali hapa Kunduchi, jijini Dar es Salaam.

Siku ya kwanza niliwauliza wanafunzi wa darasa la tano maana ya mazingira. Walijibu kwa sauti moja, bila kukosea hata neno, kwamba mazingira ni vitu vyote vinavyomzunguka mwanadamu. Nilipowauliza jina la mti ambao wamekuwa wakikaa kivulini mwake tangu darasa la kwanza, walinyamaza. Ni mkungu. Nikawauliza majina ya ndege, wakanitajia kunguru, wakaishia hapo. Siwalaumu, kwani kunguru huyu wa India, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye akaenea pwani, hula mayai na makinda ya ndege wengine, na mtoto wa Dar es Salaam hukua akimwona yeye kila anapoinua macho. Kilichonisikitisha ni kwamba kutoka shuleni hapo hadi kwenye mikoko ni mwendo wa dakika 15 kwa miguu, na wengi wao hawakuwahi kuingia humo.

Siku hizi, kila Alhamisi ya bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji yanapokuwa yamekupwa asubuhi, mwalimu wao, mimi na mvuvi mmoja mzee wa mtaani kwetu tunawatoa watoto 25 kwa zamu. Mvuvi huyo hakumaliza shule, lakini katika safari hizi sisi wengine wote ni wanafunzi wake. Huwaonyesha tofauti ya mkandaa na mchu, miti miwili ya jamii ya mikoko, na mizizi ya mchu iliyochomoza kwenye tope kama penseli ili mti upate kupumua mahali ambapo udongo hauna hewa. Huwaonyesha mkoko wenyewe, ambao mbegu yake huota ingali juu ya mti, ikaning'inia kama bamia refu mpaka ianguke na kujichomeka topeni au ichukuliwe na maji. Siku moja alichuma jani la mchu akampa binti mmoja alilambe. Binti akalamba, akakunja uso, akalamba tena, kisha akauliza, "Babu, nani ameutia mti chumvi?" Mzee akamweleza kwamba mchu huishi kwa maji ya bahari na chumvi iliyozidi huitoa kupitia majani. Sidhani kama kuna mtoto aliyekuwapo asubuhi ile atakayehitaji kukariri somo hilo.

Jambo hili si geni kwetu. Klabu za Malihai, za wanafunzi wanaojifunza kuhifadhi wanyamapori na mazingira, zimekuwamo shuleni tangu 1980, na mwaka 1991 wanafunzi 12 wa sekondari walikutana kibarazani kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, hapa hapa Dar es Salaam, wakaanzisha Roots & Shoots, mpango wa vijana wa kutunza mazingira, ambao leo uko katika nchi nyingi duniani. Nilichokiona mimi ni kwamba klabu ya shule hutegemea mwalimu mlezi mmoja mwenye moyo, naye akihamishwa, klabu hulala. Mkazi wa mtaa hahamishwi, na hiyo ndiyo sababu ya kuwaomba wastaafu watoe saa moja au mbili kwa wiki. Miche inayopandwa kila Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, mbele ya kamera hukauka kwa kukosa mtu wa kuirudia wiki inayofuata, na watoto nao hawawezi kujengwa kwa ziara ya siku moja.

Lipo pia jambo linaloniuma. Katika shule zetu nyingi, kufyeka majani, kung'oa visiki na kumwagilia bustani ni adhabu ya aliyechelewa au aliyepiga kelele. Tangu 1967 tumekuwa tukihubiri Elimu ya Kujitegemea, sera ya Mwalimu Nyerere ya kuunganisha masomo na kazi za mikono, lakini mtoto aliyefundishwa kwamba jembe ni ndugu wa kiboko atalikimbia siku atakapomaliza shule, na ardhi ataikimbia pamoja nalo. Nawasihi walimu watafute adhabu nyingine.

Kwa walimu wakuu nina ombi moja. Shule ya kwanza niliyoiendea ilinizungusha miezi minne kwa maneno ya njoo kesho. Naelewa tahadhari yao, maana watoto si wa kukabidhiwa kila anayebisha hodi, na mtu anayejitolea apaswa kutambuliwa na serikali ya mtaa, wazazi waridhie kwa maandishi, na mwalimu asikosekane katika safari hata moja. Ninachoomba ni kwamba kamati ya shule iandike utaratibu huo ukutani, ili mwenye nia ajue aanzie wapi na ajibiwe ndani ya muda gani, na ratiba ya wiki itenge kipindi kisichomezwa na mitihani ya majaribio.

Mvuvi wetu sasa ana miaka 71, na magoti yameanza kumsumbua anapokanyaga tope. Tunamtafuta mtu wa kutembea naye msimu huu, ayashike majina ya miti yote kama anavyoyataja yeye, ili bamvua za mwakani watoto wasikose wa kuwatoa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuguzi mstaafu,
Kunduchi, Dar es Salaam