Barakoa za mpira: kuosha baada ya zamu

Asalaam aleikum jamaa wa zamu, Chake Chake na Wete. Ni kuhusu hizi barakoa za mpira za kutumia tena.

Kwanza toeni vichujio. Havitumbukizwi majini kabisa. Futeni ganda la nje tu kwa kitambaa chenye dawa. Kilicholowa ndani kitupwe. Mpira, mikanda na vali (vile vilango vidogo vya kupitisha pumzi) vioshwe kwa sabuni na maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 43, mswaki laini upite kwenye kingo. Halafu jiki: ikiwa ya asilimia 3.5, mililita 7 kwa lita 5 za maji, viloweke humo dakika 2, kisha visuuzwe. Nawaomba sana msizidishe; klorini nyingi huharibu mpira, na isiposuuzwa vyema huwasha ngozi ya uso. Anikeni kivulini, jua letu hili hupasua mpira.

Mkiunganisha, tazameni vali ya kutolea pumzi: hata unywele mmoja ukinasa chini yake, hewa chafu hupenya. Ukishavaa, ziba vichujio kwa viganja, vuta pumzi taratibu, uizuie sekunde 10. Barakoa ibaki imebonyea kidogo usoni. Ikilegea, kaza mikanda urudie. Na ndevu zikipita chini ya ukingo, haizibi, ndugu zangu.