Mkweche umerudi barabarani

Leicester, Uingereza, Jumapili usiku

Swahiba,

Salamu nyingi kwako, shemeji na watoto. Uliniuliza kama ule mkweche bado ninao. Ninao, na jana nimekwenda nao sokoni kununua vitu.

Wakumbuka nilivyogongwa Ramadhani, nikiwahi futari. Kwako Tanga lingekuwa jambo la wiki moja na pesa ya rangi. Huku bima wanapiga hesabu: gharama ya matengenezo ikikaribia bei ya gari, basi gari limekufa, hata kama injini inanguruma. Kisha wanalipachika herufi. A linasagwa zimazima. B linachinjwa spea, bodi ikasagwa. N halikuumia mifupa. Langu lilipewa S, kwa sababu chesisi ilipinda mbele. Nikaomba nibaki nalo, wakakata bei ya mabaki kwenye fidia yangu.

Kadi ya gari nikawapelekea wao, nikajaza fomu V62 kuomba nyingine DVLA, ofisi ya serikali inayosajili magari, bure. Imekuja na S yake ndani, na nikiliuza kesho mnunuzi ataiona.

Sasa cheka: hakuna ofisa aliyekuja kutazama tulivyochomelea! Palikuwa na ukaguzi zamani, ukafutwa 2015, na hata huo ulitafuta magari ya wizi yaliyovishwa namba za magari yaliyokufa, haukupima kazi ya fundi. Ule wa kila mwaka, MOT, usiozidi pauni 54.85, unatazama breki, taa, kutu, mikanda. Bampa haufungui. Usingizi ukanipaa. Nikalipeleka kwa mzee mmoja mwenye fremu ya kupimia. Akalibana, akasogeza mkono wa kipimo hadi kwenye tundu la chesisi la kulia, akaniita nichungulie: milimita 4 nje. Weldi niliyojisifia kwako kwenye simu ikakatwa yote. Nilinuna, wallahi, huku nikikukumbuka wewe na uzi wako wa kupimia chesisi, niliokuwa nikiucheka.

Bima mpya ndiyo iliyonitoa jasho. Kuficha S ni kujitafutia balaa siku ya ajali, basi nikawa naitaja mwanzo kabisa. Wawili walikataa palepale, wa tatu kakubali kwa bei ya kuumiza.

Usukani hauvuti upande. Mlango wa abiria tu ndio unalia ukiufunga, na sitaki kumlipa mtu wa huku kwa kazi ya dakika kumi. Ukija Agosti, njoo na mikono yako.

Ndugu yako wa gereji